Chuimilia wa Marc, Yangeyange wa Koson

Chuimilia aliyechongwa ubaoni na Franz Marc mwaka 1912 humpotea mtazamaji kwanza, kisha humtokea. Mwili wake na mimea inayomzunguka vimekatwa kwa pembe zilezile kali, kwa wino mweusi na weupe wa karatasi tu, hata huoni upesi mgongo unaishia wapi na msitu unaanzia wapi. Marc, mzaliwa wa Munich, hakuridhika na mnyama anavyoonekana kwa binadamu. Alitaka kujua farasi au tai huionaje dunia.

Miaka hiyohiyo, huko Japani, Ohara Koson alikuwa akichora kunguru, bata bukini na yangeyange. Manyoya ya ndege wake karibu uyahesabu, na nyuma yao mara nyingi hamna kitu: anga tupu, theluji, au rangi inayofifia taratibu kuelekea chini.

Ni rahisi kusema Mjerumani ana moto na Mjapani ana utulivu. Mimi naanzia kwenye kazi yenyewe. Marc alichonga mbao zake kwa mkono wake. Koson alichora, fundi mwingine akachonga mbao za mcheri, wa tatu, mchapaji, akapaka rangi za maji, akalaza karatasi na kuisugua mgongoni kwa kisuguo kilichofunikwa ganda la mwanzi, naye mchapishaji, hasa Watanabe Shozaburo kuanzia 1926, akasimamia na kuuza, kwa wingi Marekani. Picha inayopita mikono minne haiwezi kutegemea hamaki ya patasi ya mtu mmoja. Na ule utupu una mwenyewe: mchapaji ndiye aliyeufifisha kwa brashi yenye unyevu, na kila nakala alianza upya. Wanaomshusha Koson wakamwita mpambaji wa kuta hawajautazama utupu huo vya kutosha. Humo ndimo ndege anamopata nafasi ya kuruka, asiwe mateka wa fremu.

Marc aliifahamu sanaa ya Japani. Kitabu Der Blaue Reiter, alichokihariri pamoja na Wassily Kandinsky mwaka 1912, kina michoro ya Kijapani kando ya picha za vioo za Bavaria. Hata hivyo, katika chapa zake nafasi tupu haidumu, patasi huijaza. Katika chapa yake ya 1913 ya kuzaliwa kwa mbwa mwitu, viumbe na ardhi vinasukumana bila upenyo wa kupumua.

Marc aliuawa karibu na Verdun tarehe 4 Machi 1916, akiwa na miaka 36, na wengi husoma mbwa mwitu wale kama utabiri wa vita. Nakataa. Kusoma hivyo kunawarudisha wanyama kuwa alama za mambo ya binadamu, nayo ndiyo desturi aliyokusudia kuivunja alipoushika ubao.