Mashine Haipunguzi Saa za Kazi

Mwaka 1930, mchumi wa Uingereza John Maynard Keynes alitabiri kwamba baada ya miaka mia moja maendeleo ya teknolojia yangemwezesha binadamu kufanya kazi saa 15 tu kwa wiki. Miaka hiyo inakaribia kutimia. Tija imeongezeka mara kadhaa, lakini saa 15 hazijaonekana. Kwa nini?

Jibu limo katika historia. Mitambo ya kusokota na kufuma ilipoingia katika viwanda vya Uingereza, siku ya kazi haikufupishwa, bali katika viwanda vingi ilirefushwa. Sababu ni hesabu tu: mtambo umenunuliwa kwa fedha nyingi, na kila saa unaposimama ni hasara kwa mwenye kiwanda. Kilichopunguza saa ni Sheria ya Saa Kumi ya mwaka 1847, iliyowahusu wanawake na vijana, nayo ilipatikana baada ya madai ya miaka mingi.

Marekani inalidhihirisha jambo hili zaidi. Aprili 1933, katikati ya Mdororo Mkuu wa Uchumi, Seneti ilipitisha muswada wa Seneta Hugo Black wa wiki ya saa 30, ili kazi chache zilizokuwapo zigawanywe kwa watu wengi. Wenye viwanda waliupinga, serikali ya Rais Roosevelt haikuuunga mkono, nao haukuwa sheria. Sheria ya mwaka 1938 ilianza na saa 44, zikashuka hadi 40 mwaka 1940. Tangu hapo zimekuja kompyuta, roboti na intaneti, na kiwango hicho hakijasogea.

Wapo wasemao kwamba wafanyakazi wenyewe wamechagua bidhaa zaidi badala ya mapumziko. Hoja hiyo ina ukweli kiasi. Lakini ni wangapi waliowahi kuulizwa? Mkataba wa ajira huja na saa zake zimekwisha kupangwa. Anayetaka pungufu huambiwa atafute kwingine.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Tusitarajie kwamba kompyuta zilizojaa maofisini zitazipunguza. Mashine huongeza tija. Nani afaidi tija hiyo, na kwa njia ya fedha au ya muda, ni suala la siasa. Vyama vya wafanyakazi visipolidai, hakuna atakayeliuliza.