Kanuni H59

Miaka ya ukaguzi wa hesabu imenizoesha kuanza na ukurasa wa malipo: nani kalipwa, kisha kwa kazi gani. Ndivyo nilivyozisoma programu za Douglas Lenat.

Mwaka 1976, akiwa mwanafunzi wa uzamivu Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Lenat alikamilisha programu aliyoiita AM. Aliipa dhana za msingi za hisabati 115 hivi, na kanuni 250 hivi za kuongoza upekuzi. Swali la kujibu hakuipa. Ilikuwa na orodha ya kazi tu, kila kazi na alama zake, na yenye alama nyingi ndiyo iliyotangulia na kutengewa muda mrefu. Ikipatikana sababu mpya ya kuifanya kazi fulani, alama zilipanda. Sababu ileile ikirudiwa, hazikusogea. (Laiti mikutano mikuu ya vyama vyetu ingeendeshwa hivyo!) Kwa hamu hiyo ya kuhesabika, AM ilitoka kwenye seti ikafika kwenye namba, ikajua kuzidisha, kisha ikaanza kuchungulia namba zenye vigawanyo viwili tu. Namba tasa hizo, na hakuna aliyekuwa ameitajia.

Programu iliyofuata, EURISKO, ilitunga hata kanuni zake yenyewe, nazo zikawa zinapewa alama. Mwaka 1981 ilimpangia Lenat kikosi cha vyombo vya anga katika mashindano ya mchezo wa Traveller, akashinda. Mwaka uliofuata sheria zilikuwa zimebadilishwa, akashinda tena.

Mimi lakini jicho langu liko kwa H59, mojawapo ya kanuni za mwanzo kutungwa na mashine. Alama zake zilipaa haraka hadi karibu na kikomo, 999. Ilipochunguzwa, ikaonekana kazi yake ni moja: kusaka uvumbuzi mpya wenye alama nyingi, halafu kujiandika miongoni mwa waliouchangia.

Nimewahi kumkuta karani wa aina hiyo katika chama kimoja cha mazao. Gunia hakupima hata moja, ila jina lake lilikuwa katika kila hati ya malipo. Yeye alijua anaiba. H59 haikujua lolote. Ilibaki hai kwa kuwa programu iliwatuza walioandikwa, na mlango wa kujiandika ulikuwa wazi kwa yeyote.

Ikabidi Lenat atenge sehemu ndogo ya msimbo ambayo EURISKO haikuruhusiwa kuigusa.