Waliotufundisha Kutunza Mguu wa Ganzi

"Kidonda cha sukari hakiponi." Karibu kila wiki nayasikia maneno haya nikiwa nafungua bandeji. Mama mtu mzima kaketi, mguu uko juu ya stuli, na mwanawe kasimama pembeni kashakata tamaa: "Nesi, hili si ndilo donda ndugu? Si bora wakate tu?" Nabandua shashi, naosha, kisha nachonga taratibu ile sugu nene iliyouzunguka mdomo wa kidonda chini ya kidole gumba, mpaka damu mbichi ichuruzike. Mama hashtuki hata kidogo, maana hasikii kitu. Namwonyesha kijana: nyama hii ni nzima.

Maneno hayo ni ya zamani, na kabla ya kuwaangukia wenye kisukari yaliwaangukia wenye ukoma. Mwaka 1946 Paul Brand, daktari mpasuaji Mwingereza aliyezaliwa India, alikwenda kufanya kazi Vellore, kusini mwa nchi hiyo. Wakati huo hata madaktari waliamini kwamba nyama ya mwenye ukoma ni mbovu na huoza yenyewe. Brand akaanza kuwafanyia upasuaji wa mikono, na mishono ikapona vizuri tu. Sasa vidole vilikuwa vinakwenda wapi? Akawachunguza wagonjwa wake katika shughuli zao za kila siku. Akaona mtu anazungusha ufunguo katika kufuli lenye kutu mpaka unamkata kidole, naye hana habari. Wengine waliamka asubuhi kipande cha kidole hakipo. Wakakesha kuangalia, wakagundua ni panya: walikuwa wakija usiku na kuwatafuna watu waliolala bila kuhisi chochote. Wagonjwa wakapewa paka.

Naipenda habari hiyo ya paka kuliko zote, kwa sababu ilimwondolea mgonjwa lawama na laana kwa pamoja. Mwili wake haukuwa na uozo. Kilichokosekana ni maumivu, yale yanayotufanya sisi wengine tuchechemee, tuvue kiatu kinachobana, tupumzishe mguu.

Kwa wenye kisukari dalili zilikwisha kuonekana mapema. Mwaka 1887 daktari mmoja wa Uingereza, Pryce, aliandika habari za mgonjwa wa kisukari mwenye vidonda vya kutoboka kwenye nyayo zote mbili. Lakini enzi hizo wengi walikufa kabla miguu haijapata muda wa kuharibika. Insulini ilipoanza kutumika mwaka 1922 watu wakaishi miaka mingi zaidi, na miguu ikageuka tatizo kubwa. Mwaka 1934 Elliott Joslin wa Boston aliwaonya madaktari wenzake kuhusu mguu kuoza.

Mwaka 1966 Brand alihamia Carville, Louisiana, kwenye hospitali ya ukoma ya Marekani. Huko yeye na wenzake walionyesha kwamba mguu wa ganzi mara nyingi huharibiwa na mgandamizo mdogo unaorudiwa palepale, hatua baada ya hatua. Wakafunga plasta ngumu inayoshika mguu wote mpaka muundini, ili uzito usambae na kidonda kipumue. Plasta hiyo ilikwisha kutumika kwa wenye ukoma huko Ceylon na India. Sasa ikawafikia wenye kisukari. Kidonda cha unyayo ambacho damu inakifikia na hakina maambukizi kinaweza kufunga kwa wiki sita hivi. Uzi wa nailoni ninaougusisha kwenye nyayo kupima ganzi, ule unaofanana na mshipi wa kuvulia, nao ulithibitishwa Carville mwaka 1986: asiyehisi mguso wa gramu 10 yuko hatarini.

Kwetu, mradi wa kufundisha madaktari na wauguzi utunzaji wa miguu ulianza mwaka 2004, ukiongozwa na Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam. Mwaka uliofuata yeye na wenzake walichapisha taarifa za wagonjwa wa kisukari wa Tanzania waliong'atwa miguu na panya usingizini.

Kwa hiyo kila mwenye ganzi namuuliza anapolala. Panya wapo? Chandarua kinachomekwa chini ya godoro? Wengi huona aibu kujibu, kana kwamba nawahoji usafi wa nyumba zao. Ndiyo maana siku hizi naanza kwa kuwasimulia habari za Vellore, halafu ndipo nauliza.