Hofu na Raha ya Kupanda Kilimanjaro

Zamani, kabla mgeni yeyote hajatia mguu katika theluji ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, Wachaga waliokaa chini yake waliutazama mlima huo kwa hofu na taadhima, wakauhesabu upande wake kuwa upande wa heshima, wala kuupanda kwa kujifurahisha hakukuwa desturi yao. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyeiona theluji hiyo tarehe 11 Mei, 1848, alisimuliwa habari ya Mangi Rengua wa Machame, aliyepeleka watu wake wakapeleleze ule weupe ni kitu gani. Akarudi mmoja tu, mikono na miguu imeharibiwa na baridi. Watu wale waliamriwa, na hofu ya kuamriwa aghlabu haigeuki kuwa raha.

Hofu aliyojichagulia mtu ina tabia nyingine. Hans Meyer, Mjerumani, alishindwa kufika kileleni mwaka 1887. Mwaka 1888 akakamatwa katika vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani hata akakombolewa kwa fedha. Na mwaka 1889, ilhali mwingine angalikwisha kukata tamaa, akarudi pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria. Tarehe 3 Oktoba walichonga vidato katika barafu kwa shoka, kimoja baada ya kimoja, pumzi zikiwapaa, wakafika ukingoni mwa Kibo jua limekwenda na nguvu zimewaishia, wakateremka. Na tarehe 6 wakasimama kileleni. Naamini siri ya shauku ya mlima imo katika siku zile za katikati, mwili umechoka taabani, ruhusa ya kurejea nyumbani ipo, na nafsi haitulii mpaka irudi kule kule kwenye dhiki.

Na Mwini Amani je, mtu wa Pangani, aliyezoea joto la pwani, aliyebaki katika kambi yao ya juu akiwahudumia usiku na mchana katika baridi ile? Yeye hakuamriwa kama watu wa Rengua, wala azma ya safari haikuwa yake. Aliajiriwa, akastahimili, na Meyer akamtaja kwa jina kitabuni mwake. Baada yake wamefuata viongozi na wachukuzi wengi wa Marangu na Machame, ambao huupanda mlima huo mara nyingi kuliko mgeni yeyote, mizigo kichwani, na ladha yake wanaijua kuliko waliotunga vitabu. Historia ya raha hiyo bado ni nusu. Msomaji mwenye baba au babu aliyechukua mizigo Kilimanjaro, tafadhali amwulize alichokihisi juu kule, akaandike, mzee angali hai.