Simba Asiye na Jina

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba wewe ni wa Mpanda, mara nyingi atakuuliza ni Tanzania ipi hiyo. Sijawahi kukasirika. Mkoa wetu wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, na Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, hupata wageni wachache sana ikilinganishwa na Serengeti. Viboko wake hubanana katika matope ya Mto Katuma kila kiangazi, na simba wake hunguruma bila kupigwa picha. Ndiyo maana historia ya kampeni za uhifadhi mitandaoni, ukiitazama kutoka huku, ina sura nyingine.

Wengi huanza kuisimulia na Serengeti. Mwaka 2010 serikali ilitangaza mpango wa barabara ya kukatiza kaskazini mwa hifadhi, katika njia wanayopita nyumbu. Kurasa za kuipinga zikafunguliwa Facebook, sahihi zikakusanywa, wanasayansi wakaandika barua. Shirika la Kenya la kutetea wanyama, African Network for Animal Welfare, likaenda Mahakama ya Afrika Mashariki jijini Arusha. Juni 2014 mahakama ilizuia barabara ya lami kupita ndani ya hifadhi. Mtandao ulipaza sauti, lakini hukumu ilitokana na mkataba wa Jumuiya na mawakili waliousoma.

Silaha ileile ikatumiwa na upande wa pili. Katika miaka hiyohiyo, shirika la Avaaz lilikusanya sahihi zaidi ya milioni mbili kutetea Wamaasai wa Loliondo wasiondolewe katika ardhi yao. Novemba 2014 Rais Kikwete aliandika Twitter kwamba serikali haina mpango huo. Rais akimjibu mfugaji mbele ya dunia nzima kwa sentensi moja! Hapo tulijifunza kwamba mtandao hauna chama: leo unamsemea nyumbu, kesho unamsemea mtu anayeishi na nyumbu.

Kisha ukaja mwaka 2015. Simba aitwaye Cecil aliuawa na mwindaji Mmarekani karibu na Hifadhi ya Hwange, Zimbabwe. Hasira zilienea dunia nzima kwa siku chache, na michango ikamiminika kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliokuwa wakimfuatilia. Cecil alikuwa na jina, picha, na adui aliye rahisi kuchukiwa: tajiri aliyesafiri kutoka mbali.

Simba wa Katavi hawakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Katika Mpimbwe, kusini mwa hifadhi, wanaishi wafugaji wa Kisukuma ambao jamaa zao walianza kuhamia Bonde la Rukwa na ng'ombe wao miongo kadhaa iliyopita. Kwa desturi yao, aliyeua simba mla mifugo huheshimiwa. Hupambwa, huzunguka na wenzake nyumba kwa nyumba akicheza, na watu humpa zawadi. Ni shukrani ya haki: amewalindia mali. Lakini baadaye wakatokea vijana waliomfuata simba porini, hata ndani ya hifadhi, simba ambaye hajamla ng'ombe wa mtu, ili wapate cha kuchezea. Watafiti walioandika kuhusu jambo hili katika jarida la Biological Conservation mwaka 2014 walilieleza kama safari ya kutoka kulipiza kisasi hadi kuwinda.

Mimi naiona ngoma ile kuwa chombo cha habari. Ina mhusika, ina watazamaji, inasambaa kijiji hadi kijiji, na anayeridhika hutoa chochote. Kuishinda kwa kurasa zinazosomwa London kusingewezekana, kwa kuwa wanaotoa zawadi hawako London.

Kampeni ya WASIMA, yaani Watu, Simba na Mazingira, ililitambua hilo. Ilikwenda kwa viongozi wa jadi wa Kisukuma na kwenye mikutano ya vijiji, ikajadili sheria ndogo ili zawadi zisiendelee kumfuata anayewinda kwa ajili ya zawadi. Haikumwambia mfugaji kwamba ng'ombe wake si kitu. Ilimuuliza swali analolielewa: huyu unayemtuza, amekulinda au amekutumia?

Sidharau simu. Picha moja inaweza kuleta fedha za mafuta ya gari la doria, na kijiji kilicho mbali na barabara kinahitaji watu wa mbali wajue kwamba kipo. Ila fedha hufuata sura, na sura huchaguliwa. Simba aliyepewa jina hulia na dunia. Mfugaji aliyeamka akakuta zizi limevunjwa haonekani pichani, au huonekana kama adui tu. Akiona amefanywa adui, ataisikiliza kampeni ipi?

Kwa hiyo kila ninapoona kampeni mpya mtandaoni, naanza kutafuta zizi. Likiwemo pichani, pamoja na mwenye zizi akizungumza kwa lugha yake, naendelea kusoma.