Mkokoto: maji yanayojikokota nyuma ya turbini

Kati ya kisiwa cha Stroma na pwani ya kaskazini ya Uskoti pana mlango wa bahari uitwao Inner Sound. Maji yakijaa au yakipwa hupita hapo kwa kasi inayoweza kufika mita 5 kwa sekunde, mbio ambazo hakuna mwogeleaji wa kushindana nazo. Tangu 2016 mradi wa MeyGen umekuwa ukisimamisha turbini za kufua umeme chini ya maji hayo. Awamu ya kwanza ilikuwa na nne, kila moja ya megawati 1.5, mapanga yake yakichora duara lenye kipenyo cha mita 18. Turbini ikishachota nguvu yake, maji yanayotoka nyuma hayako tena kama yalivyoingia: yamepunguzwa kasi, yamesokotwa, yamevurugika. Ukanda huo wa maji yaliyochoka ndio ninaoutafutia jina.

Majina mawili huja haraka mdomoni: mkondo wa nyuma, na kivuli. La kwanza halinifai, kwa sababu mkondo tayari ni jina la maji yote yanayopita mlangoni. Mhandisi atajikuta akisema mkondo wa nyuma ndani ya mkondo, na msomaji ameshapotea. Kivuli kinapendeza zaidi, ila kivuli hakina mwendo, wala hakichanganyiki na kilicho kando yake. Mimi nachagua mkokoto. Neno lipo tangu zamani kwa maana ya alama inayobaki pale kitu kilipokokotwa, na mtu anayekwenda kwa uzito twasema anajikokota. Njia iliyoachwa, na uzito wa mwendo, vimo humo vyote viwili.

Uzito huo wa mwendo una gharama kubwa kuliko unavyoonekana. Nguvu inayobebwa na maji hufuata kasi iliyozidishwa kwa yenyewe mara tatu. Kasi ikipungua asilimia 10 tu, kiasi ambacho jicho halikitambui, nguvu iliyopo hupungua kwa asilimia 27. Turbini ya pili ikisimikwa ndani ya mkokoto wa kwanza, zaidi ya robo ya umeme wake inaweza kupotea hivihivi.

Na mkokoto haukwepeki. Mjerumani Albert Betz alionyesha miaka mia moja iliyopita kwamba turbini iliyo peke yake katika mkondo mpana haiwezi kuchota zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu inayoijia. Maji yakinyang'anywa mwendo wote yangesimama papo hapo na kuyazibia njia yale yanayofuata. Lazima yaachiwe kasi ya kuondokea. Kwenye kikomo hicho cha Betz, maji ya nyuma hubaki na theluthi moja ya kasi yake ya awali. Kwa hiyo turbini yenye bidii zaidi ndiyo yenye mkokoto mzito zaidi, na jirani wa nyuma ndiye anayelipa.

Tusogee karibu. Kwenye ncha za mapanga hutoka nyuzi za maji yanayojisokota, na nyuzi hizo huuzunguka mkokoto kama ukuta. Ukuta ukiwa bado mzima, maji ya kasi yaliyo nje hayapati pa kuingilia. Huu ni mkokoto wa karibu. Baada ya umbali wa vipenyo kadhaa nyuzi hukatika, maji ya nje huingia, ukanda hutanuka na kasi huanza kurudi. Hapo tunauita mkokoto wa mbali. Msukosuko wa bahari, ambao huyachosha mapanga kwa kuyapigapiga, hapa ni msaada: maji yakichafuka zaidi huchanganyika upesi, na mkokoto huwa mfupi.

Wenzetu wa upepo walitangulia. Mwaka 1983 N. O. Jensen wa Denmark aliandika kanuni nyepesi ya mkokoto unaotanuka taratibu kwa mstari ulionyooka, na bado inatumika. Wao hata picha wanayo: Februari 2008, kwenye mitambo ya Horns Rev nje ya pwani ya Denmark, ukungu ulijitokeza nyuma ya kila mnara na kuchora mikokoto safu kwa safu. Chini ya maji hakuna ukungu, kwa hiyo wapimaji hutumia vyombo vinavyotuma sauti na kusikiliza mwangwi wake. Tena bahari ina sakafu na ina paa. Mkokoto ukishagusa sakafu na ukishagusa uso wa maji, umebakiwa na pande mbili tu za kutanukia.

Dawa ya kwanza ni kupanga turbini kwa kupishana, ya nyuma ikitazama upenyo kati ya mbili za mbele. Maji yanayobanwa katika upenyo huo huongeza kasi, kwa hiyo ya nyuma inaweza hata kufaidi, mradi mikokoto ya pande zote mbili haijakutana. Lakini kila baada ya saa sita hivi maji hugeuka. Ya nyuma inakuwa ya mbele, na mara nyingi maji ya kupwa hayarudi kwa mstari uleule yaliyojia, kwa hiyo ramani moja lazima iridhishe safari zote mbili. Wakati wa bamvua, kasi ikishapita kiwango cha mtambo, mapanga hugeuzwa ili yachukue sehemu ndogo ya nguvu inayopita, na mkokoto huwa mwepesi.

Tusiuchanganye na mzibo. Mwaka 2005 Chris Garrett na Patrick Cummins walionyesha kwamba ukizidisha turbini katika mlango wa bahari, maji yote hupungua kasi na umeme hushuka badala ya kupanda. Hapo hakuna kupanga kutakakosaidia, kwa sababu kilicholemewa ni mlango wenyewe.

Basi ninaliweka mezani: mkokoto, wingi wake mikokoto, na ikikutana, mikokoto inayoingiliana. Mwenye neno bora na alilete, mradi likubali wingi na liseme wazi kwamba maji yamepungua kasi.