Printa Kubwa za Wino na Uimara wa Picha za Sanaa

Printa kubwa za wino zinazotumiwa leo kuchapa picha za sanaa, zenye upana wa inchi 24, 44 au 60, zilitokana na mashine ambayo haikukusudiwa kutoa picha za kutundikwa ukutani. Katika miaka ya 1980, kampuni ya Iris Graphics ya Massachusetts, Marekani, ilitengeneza printa za kutolea prufu za rangi, yaani nakala ambazo mteja wa matangazo au mhariri wa jarida alizikagua kabla ya mtambo wa uchapaji kuwashwa. Prufu ilikaguliwa, ikaidhinishwa, ikatupwa. Hakuna aliyejali kama rangi zake zingedumu.

Katika printa ya Iris 3047, karatasi ilifungwa kwenye pipa lililozunguka kwa kasi. Mbele yake vilipita vichwa vinne, kila kimoja na mrija mwembamba wa kioo na rangi yake: samawati, majenta, njano na nyeusi. Fuwele iliyotikiswa kwa umeme iliukata mchirizi wa wino kuwa matone takriban milioni moja kwa sekunde. Matone yaliyohitajika yaliachwa yafike kwenye karatasi. Mengine yalitiwa chaji ya umeme yakavutwa pembeni, yakaishia kwenye chombo cha wino taka.

Aliyeipeleka mashine hiyo kwenye sanaa ni Graham Nash, mwanamuziki Mwingereza wa kundi la Crosby, Stills & Nash, ambaye pia alikuwa mpigapicha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa akizishughulikia picha zake kwenye kompyuta ya Macintosh, lakini hakupata printa iliyoweza kutoa kwenye karatasi kile alichokiona kwenye skrini. Alinunua Iris 3047 kwa dola 126,000, na yeye na Mac Holbert, aliyekuwa msimamizi wa ziara za kundi hilo, wakaiweka katika jengo dogo huko Manhattan Beach, California. Mashine iliundwa kwa ajili ya karatasi nyembamba za prufu, ilhali wao walitaka karatasi nene za pamba zinazotumiwa na wachoraji wa rangi za maji. Ikabidi sehemu ya vichwa ikatwe kwa msumeno ili viweze kurudi nyuma na kuipisha karatasi, na dhamana ya mtengenezaji ikaishia hapo. Karakana yao, Nash Editions, ilifunguliwa mwaka 1991 na kuanza kuchapa kazi za wasanii wengine.

Tatizo kubwa lilibaki kwenye wino. Wino wa prufu ulikuwa rangi iliyoyeyuka kabisa majini, na rangi ya namna hiyo huvunjwavunjwa na mwanga kwa urahisi. Picha iliyouzwa kwa bei ya sanaa ingeweza kufifia ukutani baada ya miaka michache tu. Makumbusho na wakusanyaji walihitaji kipimo cha kuaminika, na mtafiti aliyejulikana zaidi kwa kazi hiyo ni Henry Wilhelm wa Grinnell, Iowa. Kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu uimara na utunzaji wa picha za rangi kina kurasa 744. Wilhelm aliziweka sampuli chini ya mwanga mkali kwa miezi kadhaa, akapima kiasi cha rangi kilichopotea, kisha akakadiria picha hiyo ingedumu miaka mingapi katika mwanga wa kawaida wa ndani ya nyumba. Tangu hapo watengenezaji wa wino wakaanza kushindana kwa idadi ya miaka ambayo wino wao ungedumu.

Mwaka 2000 ilidhihirika kwamba mwanga haukuwa adui pekee. Baadhi ya picha zilizochapwa kwa printa ya mezani ya Epson Stylus Photo 1270 zilianza kugeuka rangi ya machungwa baada ya wiki chache, hata zile ambazo hazikupigwa na jua. Ozoni iliyomo hewani ilikuwa ikiila rangi ya samawati kupitia vinyweleo vya karatasi, na rangi nyingine zikabaki zimetawala. Picha iliyowekwa nyuma ya kioo ilinusurika; iliyoachwa wazi iliharibika.

Jibu lilikuwa wino wa chembe. Badala ya kuyeyuka, rangi hubaki kama chembe ndogo mno zilizoelea majini. Mwanga na ozoni huila chembe kuanzia nje, na sehemu kubwa ya rangi iliyo ndani hubaki salama. Mwaka huohuo wa 2000 Epson ilitoa Stylus Pro 9500, printa ya inchi 44 yenye wino wa aina hiyo. Rangi zake zilidumu, lakini hazikuwa na mng'ao wa wino wa zamani, na picha iliyoonekana sawa chini ya taa ilionekana ya kijanikijani mchana. Wino wa UltraChrome, uliokuja na Stylus Pro 9600 mwaka 2002, ulipunguza kasoro hizo na kuongeza wino mweusi hafifu, na mwaka 2005 zikaja printa zenye weusi wa viwango vitatu. Picha za nyeusi na nyeupe, ambazo awali zilichafuliwa na vivuli vya rangi nyingine, zikaanza kutoka safi. Mwaka huo wa 2005 Iris ya Nash ilipokelewa na Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani, chini ya taasisi ya Smithsonian.

Uimara wa wino wa chembe ulikuja na mzigo wake. Chembe hutuama na kukauka, na vitundu vinavyotoa wino ni vyembamba kuliko unywele. Kuanzia hapo uchaguzi wa printa ukawa pia uchaguzi wa namna ya kuitunza. Epson ilibaki na fuwele inayosukuma wino bila kuuchemsha. Kichwa cha namna hiyo hudumu muda mrefu, lakini kikiharibika, kukibadilisha ni kazi ya fundi na gharama yake ni kubwa. Canon na HP zilitumia joto: kipande kidogo cha chuma huuchemsha wino hadi povu lake lirushe tone. Kichwa hicho huchakaa mapema zaidi, ila mwenye printa hukinunua na kukibadilisha mwenyewe. Canon iPF9000 ya mwaka 2006, yenye upana wa inchi 60, ilikuwa na vitundu 30,720, na kitundu kilichoziba kiliweza kufidiwa na kingine. Mwaka huo HP ilitoa Z3100 yenye rangi 12 na kifaa cha ndani cha kupimia rangi, hivyo mchapaji akaweza kuitengenezea kila karatasi wasifu wake wa rangi bila kununua kifaa cha pembeni.

Karatasi nayo ilileta hesabu yake. Karatasi inayong'aa na ile ya pamba isiyong'aa hutaka wino mweusi wa aina tofauti. Katika printa nyingi za awali wino hizo mbili zilitumia njia moja, kwa hiyo kila mara mchapaji alipobadili karatasi, wino uliojaa kwenye mirija ulimwagwa kwanza. Karakana zilizochapa karatasi zote mbili zililazimika kukusanya kazi za aina moja kwa siku moja, au kununua printa mbili. Printa za baadaye ziliupa kila wino mweusi njia yake.

Utaratibu wa matunzo uliojengeka katika miaka hiyo ndio unaofuatwa hadi leo. Chumba hupewa unyevu wa asilimia 40 hadi 60, kwa kuwa hewa kavu hukausha wino kwenye vitundu na hukunja karatasi hadi ikaguse kichwa. Asubuhi huchapwa kipande cha majaribio chenye mistari mifupi iliyopangwa kama ngazi: kila mstari hutoka kwenye kitundu kimoja, na pengo katika ngazi huonyesha kilichoziba. Rangi yenye pengo husafishwa peke yake panapowezekana, kwa sababu pampu ya usafishaji huvuta wino wa bei kubwa na kuupeleka kwenye tangi la taka, ambalo nalo hujaa na kubadilishwa. Mpira wa kufutia kichwa na kizibo chake hupanguswa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kilicholoweshwa maji safi yaliyotoneshwa. Katriji zilizokaa muda mrefu hutolewa na kutikiswa polepole ili chembe zilizotuama zichanganyike tena. Printa isiyo na kazi huchapishwa walau picha ndogo kila wiki, maana wino unaotembea hauzibi haraka kama uliosimama.